Mwalimu wa Uraia na Majina ya Dawati la Nyuma

Sisemi alizaliwa wapi, wala mama yake alitoka upande gani wa mpaka. Hapa Kigoma swali hilo limeshamtoa darasani, na mimi sitaki kuwa mtu wa pili kumuuliza. Jina lake pia siandiki. Alilitoa mwenyewe siku moja, hadharani, na likamgharimu. Siwezi kulitoa tena bure ili nyinyi mpate kitu cha kusoma kabla bando halijaisha. Nitamwita Mwalimu wa Uraia, kama tulivyomwita mbele yake. Nyuma yake tulimwita Koma.

Hilo jina alilipata kwa imla. Mada ya uhuru wa kutoa maoni alitufundisha amesimama dirishani, mgongo kwetu, macho kule chini linakoonekana ziwa, akisoma bila kupandisha sauti wala kuishusha: "Kila mtu, koma, ana uhuru wa kuwa na maoni, koma, na wa kuyatoa, nukta." Ungedhani anasoma bei ya mahindi. Mimi, ambaye mdomo wangu umenipeleka ofisi ya mwalimu wa nidhamu mpaka kiti chake kinanijua, nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, na wewe una maoni?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakugeuka.

"Kuhusu nini?"

"Chochote, mwalimu. Hata kuhusu uji wa shule."

"Mtihani hauulizi maoni yangu," akasema. "Andika. Aya mpya."

Kipindi kikiisha alifuta ubao kwa dasta, halafu kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa kilicholowa, mpaka ubao ukabaki mweusi tii unang'aa kama kifuniko cha jeneza jipya. Walimu wengine walituachia maneno yao hadi kesho yake. Yeye hata nukta. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo.

"Neno likibaki ubaoni," alisema, akikamua kitambaa dirishani, "anakuja kulisoma mtu ambaye hukumwandikia."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na ghafla nikajikuta naangalia mlangoni.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, na mwavuli mkononi hata mwezi wa saba, wakati mvua Kigoma huisikii hata kwa kusingiziwa. Mwavuli wenyewe aliufungua sehemu moja tu: akipita mbele ya majengo ya ofisi za serikali pale mjini. Akifika usawa wa geti, pwaa! anaufungua, anauinamisha upande wa madirisha, anapita. Akimaliza ukuta anaufunga. Rafiki yangu Ashura alikuwa anamwigiza vizuri sana, mpaka tukawa tunaumwa mbavu. Lakini aliyewahi kumwona kwa macho, mtaa mzima unawaka jua na kile kivuli cheusi kimoja kinateleza pembeni ya ukuta, hakumwigiza tena kwa sauti kubwa.

Ashura ndiye aliyegundua blogu. Kuku wa bibi yake walikuwa wanavimba macho, akaingia mtandaoni kutafuta dawa, akakuta ukurasa wa ufugaji wa kuku wa kienyeji, mkoa wa Kigoma, mwandishi hana jina. Akaniletea simu ya kaka yake huku amefunga mdomo kwa kiganja.

"Soma hapa."

Nikasoma. Habari za mwarobaini na maji ya kunywa. Halafu, katikati ya ukurasa, peke yake kwenye mstari: *Aya mpya.*

Alikuwa amejiandikia imla mwenyewe, na akaitii.

Tulicheka hadi mama mwenye nyumba akatoka kuuliza nani kafa. Lakini mimi niliendelea kusoma, na aya ya mwisho haikuwa na kuku hata mmoja. Ilisema kuna watu katika mkoa huu ambao, kabla ya kusalimia kwa lugha ya mama zao sokoni, huangalia kwanza nyuma. Na kwamba nchi ambayo mtu anaogopa kumsalimia shangazi yake ijiulize inamlinda nani. Basi. Hapo ndipo iliishia.

Kesho yake asubuhi nikaomba simu ya mama nimwonyeshe. Kuku walikuwepo. Macho yaliyovimba yalikuwepo. Ile aya haikuwepo.

Ikawa ndiyo kawaida yake. Jioni anaandika, kuku kwanza, maoni mwisho. Alfajiri anafuta maoni, anaacha kuku. Ukitaka kujua Mwalimu wa Uraia anafikiri nini kuhusu nchi yake ilibidi usome kabla hajalala. Asubuhi anaingia darasani shati limefungwa hadi shingoni, anatwambia tufungue ukurasa fulani, na mimi namtazama nikijua kitu alichokisema jana yake na ambacho hakipo tena popote duniani isipokuwa kichwani mwake na kwangu. Nilikuwa kidato cha tatu. Kujua siri ya mwalimu kulitakiwa kuwe raha. Hii ilinitia baridi mgongoni.

Sasa nieleze yale madawati, maana bila hayo hamtamwelewa.

Nilipokuwa kidato cha kwanza watu walivuka kutoka Burundi kwa wingi. Waliingilia Kagunga, kijiji cha wavuvi kule mpakani, wakajazana ufukweni kati ya mlima na maji, ugonjwa wa kuhara ukawakuta hapohapo, halafu meli ikawa inawaleta mjini kwa zamu. Kabla malori hayajawapeleka kambini walilazwa popote palipokuwa na paa. Shule yetu ya Gungu ilifungwa siku nne ikawapokea. Mwalimu wa Uraia alikuwa mwalimu wa zamu wiki hiyo, na hakwenda nyumbani. Watoto aliwaingiza darasani akawafundisha hesabu kwa lugha yao. Daftari hakuna, karatasi hakuna. Akawagawia bikari za kuchorea duara, akawaambia kila mmoja aandike jina lake kwenye dawati alilokalia.

Huyu ni mtu ambaye ukichora hata kijimstari kwenye dawati unachapwa viboko viwili na kurudisha kwa msasa. Tuliporudi tukakuta madawati yamechimbwa majina: Irakoze, Keza, na kwenye dawati moja la watu wawili, Bukuru upande huu, Butoyi upande ule. Mkuu wa shule akaagiza fundi aje ayarande. Mwalimu wa Uraia akayabeba mwenyewe usiku usiku hadi ndani ya darasa letu, mstari wa nyuma, akayageuza majina yaelekee ukutani, akamwambia mkuu kwamba fundi alishakuja. Ni uongo pekee niliowahi kusikia ametamka kwa mdomo.

Mlinzi wa shule ndiye aliyetusimulia kwamba siku malori yanaondoka, Butoyi, yule mdogo, alipandishwa amebebwa na kaka yake Bukuru, shingo haisimami. Mwalimu alimfuata dereva, kisha mtu wa orodha, kisha kila aliyekuwa na kalamu, akiuliza watoto watafikia upande gani wa kambi. Hakuna aliyemjibu. Aliuliza miezi. Barua zake hazikurudi na jibu wala hazikurudi zenyewe.

Basi, kidato cha tatu, siku moja saa tisa alasiri, mimi na Ashura tulirudi shuleni kufuata sweta lake. Uwanja mtupu. Jua limesimama, hata kunguru wamenyamaza. Tukasikia sauti darasani kwetu.

"Irakoze."

Kimya.

"Keza."

Kimya.

Tukachungulia dirishani. Amesimama mbele, daftari la mahudhurio mkononi. Madawati ya nyuma ameyageuza, majina yanamtazama. Kila kiti amekivuta kidogo nyuma, kiasi cha mtoto kupenya. Akitaja jina anasubiri, si sekunde moja, anasubiri muda uleule ambao mtoto mwenye aibu huchukua kabla hajaitika. Halafu anainama, anaweka alama. Anataja linalofuata. Alipomaliza majina yote alisoma ile aya yake ya jana jioni, ile iliyokuwa imeshafutwa alfajiri. Aliwasomea vizuri, kwa sauti yenye kupanda na kushuka, sauti ambayo sisi wenye miili hatukuwahi kupewa. Mwisho akauliza, "Kuna swali?" Akasubiri. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa.

Ashura alishatimua mbio, sweta alilisamehe.

Shule nzima ilipata habari kupitia mdomo wangu, mnaufahamu. Wengine wakasema ana majini, wengine wakasema amerogwa kwao. Mimi nikasema nitamtibu. Utani ulinijia mzima mzima, na utani ukinijia mimi sijui kuukataa.

Siku iliyofuata saa tisa nilikuwa nimejibanza chini ya dawati la mwisho kabisa, nyuma ya kabati la vitabu. Akaingia. Nikaona viatu vyake tu vikizunguka, nikasikia viti vinavutwa kimoja kimoja, taratibu, kama anawaamsha. Vumbi la chaki linaning'inia hewani. Akaanza. Irakoze. Keza. Nilikuwa nimeziba mdomo nisicheke.

"Bukuru."

Nikaibana sauti puani, nikaitika Kirundi kama nilivyosikia kwa watoto wa ile wiki: "Ndi hano," yaani nipo.

Nilitegemea daftari lianguke. Nilitegemea mbio, mwavuli ubaki nyuma, nipate cha kusimulia mpaka kidato cha sita. Viatu havikusogea hata inchi. Kisha akauliza, kwa upole ambao sitausahau:

"Na mdogo wako?"

Mtoto yeyote wa Kigoma anajua Bukuru na Butoyi ni majina ya mapacha. Mimi kwa haraka ya utani sikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimejifanya mtu, na sasa mtu huyo anaulizwa habari za ndugu yake aliyembeba mgongoni akipanda lori. Ningesema nini? Kwamba yupo? Kwamba hayupo? Nikanyamaza. Darasa likanyamaza kuliko mimi, ukimya wenye uzito, kama kuna mwingine anayejizuia kupumua.

Nikasikia kalamu. Kisha viatu vikatoka, na mlango akaurudisha polepole, kama unavyofunga mlango wa chumba ambamo watu wamelala.

Jioni ile blogu haikuwa na kuku. Ilianza hivi, nilinakili kwa mkono maana nilijua asubuhi haitakuwepo:

*Nimefundisha uhuru wa maoni kwa imla kwa miaka mingi. Haya ni maoni yangu ya kwanza. Siku hizi tunasikia redioni kwamba wageni wetu kambini wanapaswa kurudi kwao kwa kuwa kumetulia. Aliyekimbia na ndugu yake mgongoni asiambiwe kumetulia na mtu aliyelala kitandani kwake. Mimi naona tumewachoka, na tunatafuta neno zuri la kuchoka. Nilikuwa na wanafunzi kwa siku nne na sijui wangapi wako hai. Ninaita majina yao. Anayetaka kunikosoa asihangaike kunitafuta.*

Chini yake akaandika jina lake, majina yote matatu, na shule.

Nilikaa macho na simu ya mama nikingoja afute. Kulikucha. Saa moja ipo. Saa mbili nikiwa mstarini ipo. Siku tatu baadaye ipo. Watu wakaanza kuandika chini yake. Mmoja: *Rudi kwenu.* Mwingine: *Hili jina si la kwetu, achunguzwe.* Mwingine: *Mwalimu umesema kweli ila mimi sijasoma hii.* Na mmoja wa Ujiji ambaye sijui alisoma nini: *Kuku wangu anakohoa nimpe nini.*

Mama alipoiona kwenye simu yake alibadilika rangi.

"Futa."

"Mama, si ya kwangu."

"Iko kwenye simu yangu, ni ya kwangu. Futa, mwanangu. Umewahi kusikia mtu anaulizwa babu yake kazikwa wapi akarudi nyumbani siku hiyohiyo?"

Ndilo walilomuuliza. Walikuja wawili wa uhamiaji, wapole, wakamkuta katikati ya kipindi chetu. Hawakutaja blogu hata kidogo. Walitaka cheti chake, cha baba, cha babu. Wakasema ni uhakiki wa kawaida tu. Akafuta ubao mara moja, kwa dasta peke yake, akaacha nusu ya sentensi inasomeka, akatoka nao. Mwavuli wake alioufunga ulibaki umeegeshwa mezani. Wiki ikapita, muhula ukapita, tukaletewa mwalimu mwingine ambaye hata koma hasemi. Tulisikia kwamba karatasi zake bado zinaangaliwa, na mpaka zimalizwe kuangaliwa asikanyage darasani.

Nami nikabaki na langu. Nilijua kitu ambacho mtu mwingine hakujua. Mwalimu aliacha kujificha kwa sababu alidhani mtoto mmoja ameitika na mwingine ameshindwa, na aliyeitika alikuwa mimi, nimebana pua. Nilimpotezea kazi kwa kichekesho. Kila nilipotaka kuchekesha watu nilisikia lile swali la upole, nikakosa hamu. Hata Ashura akaniuliza kama naumwa. Vichekesho vichache vilivyobaki nilivitupia mtandaoni, kwenye ukurasa wenye jina la kubuni.

Mwezi uliopita, likizo, mama alinituma Mwandiga kununua mawese. Niko kidato cha tano sasa. Pembeni ya barabara, kwenye baraza ya duka lililofungwa, nikaona tenga la kuku na mtu mrefu amekaa kwenye benchi, shati limefunguliwa kifungo cha juu. Alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa benchi, kama mtu aliyebanwa, ingawa alikuwa peke yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuwa mrefu. Kaa." Nikataka kukaa katikati. "Si hapo. Zunguka, kaa huku, kwenye kreti."

Nikazunguka. Tukazungumza kuku. Akanieleza kwamba bado anaandika, kwamba karatasi bado zinaangaliwa, kwamba siku nyingine anaogopa hadi mikono inatetemeka na bado anaandika, maana mikono ikitetemeka inabonyeza vilevile. Alisema kwa utulivu, akimrushia kuku mmoja punje za mahindi. Kuku wote walikuwa wamejikusanya upande mmoja wa tenga, upande wa kwangu.

Nikaona nikikaa zaidi sitasema kamwe.

"Mwalimu, yule aliyeitika siku ile ni mimi. Nilikuwa chini ya dawati. Ulikuwa utani. Nisamehe."

"Najua," akasema. "Mtoto wa Burundi gani anaitika kwa lafudhi ya Gungu? Tena soksi zako zilikuwa zinaonekana."

Sikuelewa. "Sasa kama ulijua, mbona uliandika? Mbona uliweka jina? Mimi nimekaa miaka miwili nikijua nimekuponza!"

"Hukuniponza wewe. Nilimjibu yule mwingine."

"Yupi?"

"Mdogo mtu. Butoyi."

Gari likapita, vumbi likatufunika, likatulia. "Mwalimu," nikasema, "hakuna mwingine aliyeitika. Nilikuwepo. Kulikuwa kimya."

"Hakuitika. Aliuliza." Alikuwa hanitazami mimi. "Ulinikuta nikisema 'kuna swali?', kama nilivyosema kila siku, ukaenda kucheka. Siku ile swali likaja. Akasema: mwalimu, majina yetu sote unayo. Lako mbona hujatupa?" Akapangusa mikono magotini. "Siku nne nilizokaa nao, sikuwaambia. Niliogopa wasije wakalitaja kwa mtu. Watoto wale. Niliogopa watoto wale."

Nilikuwa na kichekesho tayari mdomoni, ninacho kila wakati, hata msibani. Kilikaa hapo hapo hakikutoka.

"Na wewe," akasema, "ule ukurasa wako wa vichekesho, nausoma; utani wako naujua. Juzi uliandika jambo la maana kuhusu wale waliobaki kambini, ukalifunika kwa mzaha, na juu umeweka jina la kubuni. Anauliza unaitwa nani."

"Nani anauliza, mwalimu? Wewe unanijua. Umeniita kwenye daftari miaka mitatu."

Akasogea kidogo pale pembeni, kama mtu anayempa mwenzake nafasi aone vizuri.

Nilisimama. Niligeukia ule upande wa benchi niliokatazwa kukaa, nikataja jina langu lote, la baba yangu na la babu yangu, hilohilo mnaloliona leo juu ya ukurasa huu. Kisha nikasubiri.